Hamsini na Sita

Kuanzia arobaini na moja hadi sitini na tatu
ni zamu yangu: njiapanda ishirini na tatu
katika njia za baiskeli na miguu
zilizofumwa Limburg nzima, mtande na mshindio.
Hatulipwi. Ofisi ya mkoa hutupa
bisibisi, spana namba kumi, kitambaa cha kufutia ukoga,
na fomu. Fomu hazijawahi kukosekana.

Mpita njia hana haja ya ramani.
Huandika namba kwenye kikaratasi,
akakifunga kwa mpira kwenye usukani:
44, 47, 52, 56, 60, nyumbani.
Kila kibao humkabidhi kwa kibao kingine
kama mtoto mchanga apokezwavyo shughulini,
mikono kwa mikono, asiguse chini.

Ila hamsini na sita.
Mara ya tatu hii tangu Pasaka
mshale wake umegeuka.
Badala ya daraja na mfereji
unaonyesha kushoto, mtaa wa matofali,
nyumba pacha zilizojengwa na kampuni ya makaa,
mtaa unaoishia ukutani,
na nyuma ya ukuta lile lima jeusi la vifusi
ambalo siku hizi limeota nyasi, lina hata sungura.

Malalamiko ninayo mfukoni. Bwana Vandersmissen:
"Tumezungushwa bure, na mke wangu ana goti."

Leo sikuurudisha. Niliufuata.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema;
hii ilikuwa hatua mia mbili.

Benchi. Jagi la maji yenye majani ya nanaa.
Bilauri sita chini ya leso, kwa sababu ya nyigu.
Pampu iliyofungwa ukutani kwa mnyororo,
kisosi cha viraka vya pancha.
Na dirishani mwanamke, mikono ina unga.

"Assunta Bertolazzi," akasema, kama anayejisalimisha.
"Una bisibisi. Wamekutuma."

Nikamuuliza kwa nini.

"Saa kumi na moja alfajiri, kijana"
(nina miaka sitini na minane)
"baiskeli mia tatu zilipita dirisha hili.
Taa za dinamo. Wapolandi, Waturuki, sisi wa Friuli.
Hakuna aliyesema neno, minyororo tu.
Saa nane mchana wanarudi, macho meupe, mengine yote makaa,
na Ettore wangu nilimjua kwa breki:
zilikuwa zikilia kama bata.
Mgodi ulifungwa Ijumaa.
Jumatatu niliamka saa ile ile
nikasikia saa ya ukutani.
Miaka yote ile, sikujua kama ina sauti."

Akapangusa unga.
"Kisha mkaja na vibao vyenu.
Mkaunganisha kila kitu, makanisa, mashamba ya tufaha,
mpaka Uholanzi huko.
Mtaa wetu mkauruka
kama mtu anavyoruka dimbwi."

Sikuwa na la kujibu. Nikanywa maji.

Nyuma yangu breki zikakwaruza.
Wasichana wawili, mifuko pande zote, jasho,
kikaratasi kimelowa.
"Samahani, sitini iko wapi?"
Assunta alikwisha toka na bilauri mbili.
Hakuwatazama nyuso. Alisimama kando ya baiskeli ya kwanza
akaliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa kiganja,
akasikiliza.

Jioni niliurudisha mshale darajani.
Kanuni ni kanuni, na lile goti ni goti.
Kwenye fomu, penye *Sababu*, nikaandika: upepo.
Penye *Mapendekezo* wametoa mstari mmoja.
Niliujaza, nikageuza karatasi, nikaendelea
hadi kalamu ikaisha wino.

Watajibu, au hawatajibu. Ofisi ni ofisi.

Skrubu nimeikaza.
Si sana.